Mtamba Niliyempa Domitila

Jumanne, Kibagabaga

Tena ni ng'ombe wangu mwenyewe! Ile hereni ya kielektroniki sikioni mwake tuliambiwa ni ya kuzuia wizi. Hakuna aliyetuambia kwamba kaka Wilson, kwa kuwa ndiye aliyesajili kundi letu lote kule Nyagatare, ataona kwenye simu yake kila ng'ombe amelala kwa nani.

Mtamba huyo nilimpa dada yetu Domitila kimya kimya, maana kaka hasemi naye tangu aolewe na mtu ambaye kaka hakumtaka. Leo niko kazini, kaka akapiga.

"Mtamba wako yuko kwa Domitila anafanya nini?"

"Nimempa, kaka."

"Bila kuniuliza? Naenda kumrudisha."

Akakata. Ng'ombe ukishampa mtu, nani humrudisha? Na kama ningemwambia kaka mapema, angekubali? Hata kidogo.

Jioni Domitila akanipigia, analia huku anacheka. Kaka alifika na gari la kubebea ng'ombe. Domitila hakubishana, akamletea maziwa aliyoomba kwa jirani. Kaka akayanywa amesimama, na kwetu ukishakunywa maziwa ya mtu humnyang'anyi ng'ombe, kisha akaondoka na gari tupu.

Nimefurahi, sikatai. Lakini sasa hivi kaka kanipigia tena.

"Mwambie Domitila ahamishe kamba. Naona mtamba anazunguka pale pale tangu saa kumi."

Kumwambia mwenyewe hawezi, ila kuchungulia ua wake anaweza. Kesho naomba mtamba aandikwe kwa jina la Domitila. Kaka akitaka kujua habari za huko, apige hodi.