Usukuma Hauonekani Kutoka Ngome

Mayu,

Nisamehe kwa kuchelewa kukuandikia. Nakusikia ukiuliza, "Kalamu imeota mizizi?" Haijaota. Ni mjukuu wako Milembe. Amejua kutembea, na mtoto akijua kutembea mama yake ndiyo basi tena, hakai. Juzi nimemtoa kwenye banda la ndama, jana nimemtoa kwenye majivu. Leo joto limemshinda, amelala kwenye mkeka, na mimi nimekaa hapa mlangoni kwenye kigoda chako. Macho ni mazito lakini nitaandika.

Nafuata mpangilio wako. Kusoma ulikuwa hujui, lakini barua ulizijua kuliko sisi tuliomaliza la saba. Ulikuwa ukinituma nimwandikie wifi kule Kahama, unakaa hapahapa unavuta ugoro, unanipangia: kwanza omba samahani, halafu habari, mwisho mahitaji. "Usimalizie na salamu," ulisema. "Salamu hazipakiwi kwenye treni."

Basi habari kubwa ni hii. Nimepanda Ngome. Nimempeleka Milembe na mwanao Masanja.

Unaikumbuka Ngome, ule mlima wa nyuma ya kwetu Kabungu ambao nilikuwa nakusimulia tukibangua karanga. Nilikwambia kuna pango ambalo bibi zetu walijificha na watoto wakati wa vita vya zamani, kuna boma la wazee lenye handaki kuzunguka, na juu kabisa kuna nyumba waliyojenga wazungu wa mgodi, wakawa wanapanda kupunga upepo joto la Mpanda likiwashinda. Wewe uliyezaliwa mbugani ulinicheka. "Yaani mtu na akili zake anaacha tambarare anakwenda kuishi mgongoni?" Halafu ukabangua kama viganja viwili hivi, ndipo ukauliza kwa sauti ndogo, "Sasa ukiwa kule juu, mayu, Usukuma unaonekana?"

Ulikuwa unaniita mayu na mimi nakuita mayu. Nilipoolewa niliona ajabu, mama mkwe kumwita mkwewe mama. Siku hizi hakuna anayeniita hivyo.

Nilikujibu kwamba kiangazi kikifika nitakupeleka uone mwenyewe. Kiangazi kikafika mguu umeanza kuvimba. Halafu ukawa huinuki.

Sasa nikueleze kwa nini nilikwenda bila wewe.

Tulipomaliza matanga yako, shemeji Nkwabi alianza maneno ya kuhama. Unamjua mwanao mkubwa, hawezi kuona vumbi la ng'ombe wa mwenzake likielekea mahali akatulia. Alisema Kakese imejaa, malisho yamekuwa mashamba, kila wiki tunaitwa kwa mwenyekiti kwa sababu ndama ameingia kwenye mahindi ya watu. Hilo ni kweli, sitalikataa. Akasema kusini huko bonde la Rukwa nyasi zinamfika mtu kifuani. Masanja wangu hakujibu. Na wewe ndiye uliyeniambia kwamba Masanja asipojibu ujue ameshaanza kufunga mizigo.

Mimi nilikosa raha. Milembe ndiyo kwanza nimemwachisha ziwa. Mama yangu yuko Kabungu, nikiumwa anafika. Lakini zaidi ilikuwa ni wewe. Nilikuwa nafagia pale kwenye mawe ya kaburi lako pembeni ya zizi najiuliza, tukiondoka anabaki na nani? Watalima mpaka juu yake.

Nilikuwa nakumbuka ile siku tunapanda minyaa kuzunguka boma hili. Ulinionya nisijishike machoni, maziwa yake yanapofusha. Ukaniambia kila mlipohama ulibeba vijiti vya minyaa kwenye mkokoteni, kutoka Shinyanga mpaka Kahama, Kahama mpaka Kaliua, Kaliua mpaka huku, na kila mahali ulipanda, na kila mahali mliondoka ikiwa bado fupi. "Haijawahi kunizidi kimo, mayu. Hata mara moja. Hapa nataka inizidi." Ulipoondoka ilikuwa inakufika kiunoni.

Basi nikawaza, nimpeleke Masanja Ngome. Nilijua mtu akipanda kule akaiona nchi yetu ilivyo nzuri, moyo utamkaa. Nikamwambia nina ahadi ya mama yako, na mtoto hajamsalimu bibi yake wa Kabungu. Alinipakia kwenye baiskeli, Milembe mgongoni, tukalala kwa mama, asubuhi tukapanda.

Njia inapita pangoni kwanza. Kwetu mtu haingii na viatu, na anaacha unga kidogo mlangoni kwa ajili ya wale akina mama wa zamani. Masanja alinitazama nikinyunyiza, akasema, "Mnawalisha popo." Lakini malapa alivua. Ndani kuna baridi nzuri, na yale mashimo kwenye mwamba waliyokuwa wanasagia nafaka bado yapo, yamekuwa laini kama ndani ya bakuli. Nikamweleza kwamba humu mtoto alikuwa haruhusiwi kulia, maadui wangesikia. Sijamaliza kusema, Milembe akapiga kelele moja, ukuta ukamrudishia. Akashtuka. Akapiga nyingine, ikarudi. Akaanza kugombana na huyo mtoto wa ukutani, anamnyooshea kidole, anamfokea kwa lugha yake isiyojulikana. Masanja alicheka, Mayu. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu tukuzike nilikuwa sijamsikia. Nikajisemea, umeona, mlima unafanya kazi.

Tukafika juu. Ile nyumba haina paa tena, mabati yalishachukuliwa, lakini baraza yake ya mawe ipo na ngazi zipo, na wazungu wale walijua mahali pa kukaa maana upepo hauishi. Unaona kila kitu. Nyumba za Kabungu kama punje zimemwagika. Mpanda kwa mbali, bati linang'aa mara moja halafu linapotea. Nikawa namwonyesha: pale ni kwetu, pale ni shuleni, kule nyuma ya ule msitu ndiyo Kakese yetu, ndipo mama yako alipo.

Akawa hayupo na mimi. Alikuwa amegeuka kusini, amesimama na fimbo mabegani kama anavyosimama, anatazama uwanda unaofuatwa na uwanda mwingine mpaka panapokuwa bluu. Akasema polepole, "Nkwabi hakudanganya. Kule kuna nyasi."

 Kweli mimi ni mjinga, Mayu. Nani anamchukua mfugaji akampeleka mahali pa kuonea mbali?

Nikamwacha hapo. Nikaenda upande wa pili wa baraza, upande wa kwenu, nikatazama kwa ajili yako. Nilitazama sana. Kuna miti, halafu miti, halafu ukungu wa moshi wa watu wanaochoma mashamba, halafu mbingu. Usukuma hauonekani. Ningeweza kukuandikia kwamba niliuona, nani angenibishia, lakini hatukuishi hivyo mimi na wewe. Hauonekani. Nikamnyanyua Milembe juu nikamwambia, bibi yako alitoka huko ambako huoni. Akanivuta kitambaa kichwani. Nikalia kidogo, nikajifuta, kwa sababu ukilia na mtoto mkononi naye analia.

Tulishuka kwa njia ya boma. Handaki limejaa majani, usipojua unatumbukia. Na ndani ya handaki, Mayu, kuna minyaa. Nilikuwa nimeisahau, kwetu ni miti tu ya siku zote. Lakini Masanja alisimama. Si minyaa kama hii yetu. Shina lake mtu hawezi kulikumbatia likaenea mikononi. Imepita urefu wa nyumba yoyote ya Kakese, imezunguka duara zima, na pengo moja tu la mlango, vilevile kama mnavyoacha nyie kwa ajili ya ng'ombe. Akaweka kiganja kwenye shina.

"Nani alipanda?"

"Wazee wetu. Walijifungia humu na mbuzi wao wakati wa vita."

"Na wao walihama."

Basi pale ndipo mdomo wangu ulipofunguka. Nikamwambia, "Walihama, ndiyo. Lakini walikaa mpaka minyaa ikawazidi. Mama yako hajazidiwa hata siku moja. Aliipanda ya mwisho pale Kakese na wewe unataka kuiacha kiunoni kama zile nyingine. Ukitaka kwenda, nenda na kaka yako, sikushiki. Mimi na Milembe tunabaki na mama."

Sijawahi kumwambia hivyo mume wangu.   Alimchukua mtoto kwangu, akamweka mabegani, akatangulia. Njia nzima mpaka nyumbani, hakunijibu. Na mimi nikajua: asipojibu, ameshaanza kufunga mizigo.

Siku chache baadaye nikatoka kisimani nikamkuta yuko kwenye ua wetu na panga, anakata vijiti vya minyaa, anavipanga chini. Ndoo ilinishuka. Nimeolewa kwenu, najua mtu anayekata vijiti vya minyaa anakwenda wapi. Nikasogea nimeloa miguu, nikauliza, "Unavipeleka wapi?"

Hakuinua kichwa. "Kwa mama. Ndama wanapakanyaga."

Akavibeba akavichomeka kuzunguka mawe yako, kimoja kimoja, amejifunga shati usoni ili maziwa yasimrukie. Akaacha pengo la mlango. Upande gani? Upande wa kwenu.

Nkwabi ameondoka na ng'ombe wake mavuno yalipokwisha. Walikumbatiana na mdogo wake, hakuna ugomvi. Sisi tumebaki na hawa wachache ambao malisho yanawatosha. Masanja hajasema tunakaa. Amesema, "Mwaka huu tuone." Jioni nyingine anasimama pale kwenye kichuguu anatazama kusini na mimi namtazama yeye. Sitakudanganya kwamba yamekwisha.

Lakini vijiti vyako vimeshika. Vimetoa vichipukizi.

Pumzika, Mayu. Mimi nakuahidi hivi: kijiti chochote kitakachokauka nitapanda kingine, na minyaa ikikuzidi kimo nitamwambia Milembe asimame chini yake apime. Na yeye nitampandisha tena Ngome akiwa na miguu ya kupanda mwenyewe, nimwonyeshe upande usioonekana.

Kuaga nimeshaaga, sasa mahitaji, maana salamu hazipakiwi.

Nitumie ujuzi wa nsansa, yale majani ya kunde ya kukausha, zangu zinakuwa chungu na nimefanya kila kitu kama ulivyofanya. Nitumie ule wimbo wa kumlaza mtoto, mwanzo ninao na mwisho ninao, katikati pamenipotea, na Milembe anajua pamepotea, anafumbua macho hapohapo. Michembe, vile viazi vikavu, si lazima, wifi alileta. Mvua, ya kiasi, na iningoje nimalize kupalilia. Usingizi kidogo, hata wa mchana kama huu wake. Neno mayu, niitwe mara moja moja.

Na ile sauti uliyokuwa unamwitia mwanao akichelewa machungani, ile ya kutoka tumboni, iliyokuwa inamgeuza hata akiwa mbali na ng'ombe. Hiyo nitumie kwanza. Jua linashuka sasa hivi, na yeye ameshapanda kwenye kichuguu.

Mimi mkweo,
Mama Milembe
Kakese