Sauti za Kumlaza Mama

Tarbaj, Jumapili mchana

Dada yangu Wakesho,

Nakusalimu kwa mikono miwili kutoka huku kwenye jua lisilo na huruma. Habari za hapo nyumbani? Habari za mgongo wako, maana najua kumwinua Mama na kumgeuza si kazi ya mtu mmoja? Shemeji hajambo? Watoto wanaenda shule? Baridi ya Wundanyi imeanza kuuma? Mimi ukiniuliza nitakwambia ni mzima, ndivyo tunavyojibu sisi sote, lakini ni uzima wa kula na kutembea tu.

Swali lenyewe hasa naogopa kuliuliza. Tangu siku ile simu ilipokatika ukiwa katikati ya neno, mtandao haujarudi. Mlingoti umekufa, na mafundi hawataki kuja, nami siwalaumu. Kwa hiyo sijui barua hii itamkuta Mama katika hali gani. Sijui hata kama itamkuta. Naandika kana kwamba yupo, nawe isome hivyo hivyo. Kama mambo yameshabadilika, utanisamehe, dada.

Siku ile uliniambia kwamba hospitali wamemrudisha nyumbani, hawana tena la kufanya. Dawa ya maumivu inamshika jioni na kumwacha kabla ya alfajiri, na ikimwacha analia. Halafu ukaniomba nijirekodi sauti, nimwambie niko njiani. Ulisema, "Hata kama si kweli, Mwakio. Anakungoja wewe. Mlango ukilia kidogo tu anauliza kama ni wewe. Mwambie unakuja, apumzike." Nikakubali pale pale, maana kukubali kwenye simu ni kazi rahisi.

Ndani ya bahasha hii kuna memori kadi, nimeifunga kwenye kipande cha nailoni isije ikapotea. Itie kwenye kile kiredio chake chekundu, pembeni kuna kitundu. Usifungulie sauti kubwa. Iweke chini ya mto, upande wa sikio linalosikia.

Sasa nikueleze kilichomo, maana ukisikiliza bila kuelezwa utadhani nduguyo amerukwa na akili.

Unamkumbuka Mutiso, mwalimu wa hesabu niliyekuwa nakaa naye nyumba moja. Nilikwambia alivyoteremshwa kwenye basi akirudi kutoka likizo, yeye na abiria wengine wa bara, wageni huku kama mimi, wakauawa na wenye bunduki kando ya barabara. Sandale zake bado ziko hapa mlangoni, hakuna aliye na moyo wa kuziondoa. Tangu wakati huo usingizi ulinihama kabisa. Chebet, muuguzi wa zahanati yetu, naye alikuwa halali. Yeye na wenzake walikuwa wamepelekwa Garissa kwenye semina ya ushauri nasaha, wakafundishwa kutuliza moyo kwa muziki, na akarudi na rundo la sauti kwenye simu yake. Siku aliyopata uhamisho akaniwekea zote kwenye kadi. Akasema, "Mimi hazikunisaidia, lakini jaribu. Usiku ni mrefu." Akapanda gari la polisi akaenda zake kwao Kericho, na sasa zahanati haina muuguzi.

Basi nikawa nasikiliza. Mama wee, dunia ina watu! Kuna ya kengele peke yake, inagongwa mara moja, unangoja, unangoja, unadhani imekwisha, kumbe bado inalia kwa mbali. Kuna filimbi ya mianzi. Kuna watawa wanaotoa sauti kutoka tumboni, nzito, neno moja hilo hilo kama saa nzima. Kuna wanawake wanaoimba bila ngoma wala maneno, kila mmoja na lake, na bado wanapatana. Nyingine si wimbo kabisa, ni mlio tu unaotanda kama ukungu wa kwetu, hauanzi wala hauishi. Mwanzoni nilicheka. Baadaye nikaona pumzi inateremka yenyewe, mabega yanalegea. Nikaanza kuchagua za Mama. Nilikuwa najilaza chali, nafumba macho, najifanya ndimi mwenye maumivu, kisha najiuliza: hii Mama ataivumilia? Kengele ataipenda, ni ya kanisani. Watawa sina hakika.

Jirani yangu Nuur, mfugaji wa ngamia, mtu wa maneno mengi na miraa shavuni, ambaye kama wengi wa huku p mara nyingi huitamka b na v huitamka f, alikuwa akija kukaa nami barazani na kuzitolea hukumu. Watawa alipowasikia akauliza, "Hawa wazee, nani amekufa kwao?" Kuna sauti nyingine ya nyangumi, yule mnyama mkubwa wa baharini. Nikamweleza. Akasikiliza kichwa kimeinama, akasema, "Yeye yuko ndani ya maji na analia hifi. Ngamia yangu aseme nini?" Tulicheka hadi mkewe Habiba akatoka kuchungulia.

Lakini siku niliyofungulia ile ya mvua, Habiba hakucheka. Ni mvua tu, dada, mvua ya kwenye mabati, hakuna ala yoyote. Alikuja hadi mlangoni kwangu, akasimama, ushungi ameufumbata mkononi. "Mwalimu, zima hiyo mfua. Tafadhali. Mama mzee ya Nuur analia." Huku misimu imepita mitupu, mmoja baada ya mwingine. Nilizima nikaingia ndani kwa aibu. Hiyo ya mvua nimekuwekea ya kwanza, maana kwenu mvua haimtukani mtu.

Hata hivyo, kwa hizo zote nilikuwa natulia tu, silali. Iliyonilaza ni nyingine, na haikutoka Garissa.

Wakati ule kisima cha akina Nuur kilikuwa bado kinatoa maji. Siku moja alinichukua nikaone wanavyonywesha. Yeye alishuka hadi chini kabisa, nduguze wawili wakasimama juu yake kwenye vidato vya ukuta, wakawa wanapokezana madebe kutoka mkono hadi mkono, na maji yanamwagwa kwenye birika la saruji. Nao wanaimba, dada. Ngamia hawa hawanywi vizuri bila kuimbiwa. Nuur anaanza kutoka kule shimoni, sauti inapanda ikiwa imezunguka kama ndani ya mtungi, nduguze wanaitikia, debe linapita, anaanza tena. Wimbo hauna haraka yoyote. Na ngamia, wanyama wenye kiburi namna ile, wanakuja mmoja mmoja na kuinamisha shingo. Nilimuuliza anawaambia nini. Akasema, "Nasema, maji iko. Njoo, usikimbie, yako iko." Nikarekodi mwanzo hadi mwisho.

Usiku ule nililala. Wakesho, nililala hadi jua likanipiga usoni, nikachelewa darasani, na mwalimu mkuu akanigombeza nikacheka. Nililala hivyo kila siku kwa huo wimbo. Nikasema basi, dawa ya Mama nimeipata. Nilifurahi kama mjinga. Nikatengeneza kadi nzima: mvua, kengele, filimbi, wale wanawake, halafu sauti yangu, halafu wimbo wa kisimani wa mwisho. Ndiyo, sauti yangu nilikuwa nimeshairekodi. "Mama, ni mimi Mwakio. Niko njiani. Nakuja." Niliisema vizuri sana. Hata mimi ningeniamini.

Kisha kisima kikakauka. Waliteka tope, halafu tope likaisha. Injini ya kisima cha serikali imeharibika tangu zamani, na lori la maji linakuja likitaka. Nuur akaacha kuimba, akaacha pia kuja barazani. Ngamia wake walikuwa wamebaki wachache, mbavu unazihesabu ukiwa mbali.

Jumamosi iliyotangulia hii ya jana, mchana, nilikuwa namaliza kazi ya kadi. Ndani kuna joto lisilokalika, nikatoka nje na ile spika ya shule tunayotumia gwaride la asubuhi, nikataka nisikie kama kuna mkwaruzo. Nikafungulia wimbo wa kisimani, sauti ya juu.

Sikuwaza, dada. Wallahi sikuwaza, na huku nimeshazoea kuapa hivyo.

Walitokea nyuma ya choo cha shule. Wanakimbia, kama hiyo ni mbio, miguu inagongana. Wakapita uzio wa miiba kana kwamba haupo. Wakaja hadi pale kwenye spika, wakainamisha shingo, wakaanza kunusa chini. Mmoja akaikuta beseni yangu ya kufulia, haina kitu, akawa anailamba, beseni inasukumwa ukutani inarudi. Na Nuur wa kwenye spika anaendelea kuwaambia maji yapo. Nilikitafuta kitufe cha kuzimia nisikione.

Yule jike mkubwa, mama yao, alipiga magoti polepole mbele yangu. Nilidhani anapumzika.

Nuur alifika akikimbia, fimbo mkononi. Nilitaka anitukane. Hakunitukana. Alimzunguka yule ngamia, akamgusa shingoni, akamsemesha kwa Kisomali, akamvuta mkia. Hakuinuka. Ndipo akanigeukia. "Umeita yeye, mwalimu," akasema. "Haya. Bea yeye maji."

Nilikuwa na mtungi mmoja wa maji ya kunywa. Nikaumwaga wote kwenye beseni. Alikunywa yakaisha kabla sijauweka mtungi chini, akainua macho akaningoja. Macho yale, dada, yana kope ndefu kama za mwanamke.

Nuur alingoja naye hadi jua lilipoelekea kushuka. Alipoona hainuki tena, akamwelekeza kibla akamchinja, asije akawa mzoga. Nundu ilikuwa imelala upande, tupu. Na jioni Habiba akaniletea fungu langu la nyama kwenye sahani iliyofunikwa, kwa sababu mimi ni jirani, na huku jirani hanyimwi. Niliipokea, nikashindwa kuila. Nimewapa paka, na hilo usimwambie mtu.

Kesho yake nilimfuata Nuur kumwomba radhi, nikamuuliza kama niufute wimbo. Alikuwa amechoka kuliko kukasirika. Akasema, "Usifute. Lakini usibige tena hapa. Ngamia ukidanganya yeye leo, siku ya maji atakataa kukuja."

Nilirudi nyumbani nikakaa na simu mkononi. Nikaisikiliza ile sauti yangu, "Mama, niko njiani." Nikaifuta. Kwenye kadi utaona baada ya wale wanawake kuna kimya kidogo, kisha wimbo wa kisimani. Hapo kwenye kimya ndipo nilipokuwa. Wimbo wenyewe mpigie, yeye haelewi maneno, kwake itakuwa sauti tu ya watu wanaofanya kazi. Labda utamlaza. Mimi haunilazi tena.

Barua hii anaichukua shemeji yake Nuur, dereva wa lori, anapeleka mbuzi sokoni Garissa, na huko ataikabidhi kwa watu wa mabasi hadi Voi. Jana alisimamisha lori hapa mlangoni. "Banda, mwalimu," akaniambia. "Nitasema wewe ni fundi yangu. Twende uone mama." Nilikuwa nimeshafunga begi, Wakesho. Niliweka mguu kwenye ngazi ya lori, nikashika kamba. Nikaziona zile sandale za Mutiso hapo mlangoni. Nikashuka. Yeye anaondoka kesho alfajiri, amesema bado naweza kubadili nia, na mimi najua sitabadili. Watu wengine watakwambia ni kazi, ni mitihani, ni mwalimu mkuu amekataa. Mwalimu mkuu ameniruhusu. Msafara wa polisi wa kusindikiza magari ndio hakuna, na hajui utakuwepo lini. Mimi naogopa kufa, dada, na aibu yake inanila kuliko hata woga wenyewe. Ukitaka kunichukia nichukie. Ila usininyamazie mtandao ukirudi.

Nisalimie shemeji, umwambie asante kwa kukubali Mama akae kwenu, maana si kila mume angekubali. Nisalimie mjomba Mwadime anayetuangalizia shamba, na shangazi Mkamburi, mwambie maombi yake ya alfajiri asiyapunguze. Wabusu wanao wawili. Jirani mama Chao anayekusaidia kumwogesha Mama, huyo mpe mkono kwa niaba yangu, umshike sana.

Na lile uliloniomba, hili hapa jibu langu. Akiuliza tena ni nani mlangoni, usimwambie ni mimi, wala usimwambie niko njiani. Ulisema mwenyewe kwamba ananingoja, nami naona ndicho kinachomshikilia duniani na maumivu yale yote. Basi zima redio kwanza. Panda kitandani, mshike mkono, umwambie kwa Kitaita, polepole, ili asikie neno kwa neno: Mwakio haji. Anakupenda, anaogopa, haji. Usimngoje tena, Mama. Lala.

Ni mimi nduguyo,
Mwakio