Hodi ya Kibondo

Jumatatu, 2 Juni

Kasulu. Baridi, ukungu umelala kwenye migomba. Nimekunywa chai nimesimama, nikaikagua ndege kama kila asubuhi. Matairi, mafuta, pangaboi. Papa Dieudonné, Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu anayetupakilia mizigo, kaniuliza: "Kapitene, ndege kubwa zikikuya, huyu mutoto mutamupeleka wapi?" Mtoto ni hii ndege yetu ndogo, pangaboi moja. Nikamwambia mtoto hapelekwi popote. Uongo. Kila mtu anajua kampuni imenunua ndege mbili kubwa za pangaboi mbili, na hizi ndogo zitauzwa. Nani atapanda na nani atabaki chini, hilo hatujaambiwa.

Kibondo tumetua salama. Nilipiga hodi kwanza, kama kawaida yangu. Napita juu ya kiwanja mara moja, chini chini, bila kutua. Kina mama wanaoanika udaga pale kwenye changarawe ya kiwanja wanakusanya mihogo yao na kusogea pembeni. Kisha mama mdogo Yustina, anayemfuata mama yangu kuzaliwa, anainua khanga. Maana yake karibu. Ndipo nageuka na kutua. Hakuna kitabu kilichoandika hivyo. Ndivyo tunavyoishi huku.

Jumatano, 4 Juni

Majina ya watakaorusha ndege kubwa yanatoka mwisho wa mwezi. Viti viwili tu kwa sisi wa ndege ndogo. Vingine wanapewa marubani wa nje wenye saa nyingi za kuruka.

Mkuu wa marubani, Kapteni Swai, kanipigia mwenyewe. Jina langu liko juu. Ila wiki ijayo anakuja kuruka na mimi, analeta na wakubwa wawili wa kampuni wavione viwanja vya huku. Na amesikia habari za hodi. "Ndege haipigi hodi, Editha. Unachoma mafuta bure." Nikasema ndiyo, mkuu. Mdomo ndio uliosema.

Nakitaka kile kiti. Naandika wazi, hapa hakuna wa kunicheka. Hii ndogo nimeirusha kwenye vumbi na kwenye mvua, na wagonjwa, na maboksi ya chanjo, na watu wa misaada enzi hizo kambi ya wakimbizi ya Mtendeli imejaa. Kambi ikafungwa, abiria wakapungua, mimi nikabaki. Kiti kile ni haki yangu. Sitakipokea kama sadaka.

Ijumaa, 6 Juni

Hamisi hana raha. Ndiye rubani wangu msaidizi, kijana wa hapa hapa Kasulu. Mjomba wake ana duka la vitenge sokoni, ukoo wao umetokea Tanga. Anaogopa ndege ndogo zikiuzwa atarudi kupima vitenge. Nimemwambia aache kulia kabla ya msiba. Mimi mwenyewe siku nzima nachungulia simu.

Jumanne, 10 Juni

Siku mbaya. Niandike kwa utaratibu.

Swai kashika usukani, mimi kulia kwake. Wakubwa nyuma na miwani yao myeusi. Hamisi tumemwacha Kasulu. Tulipokaribia Kibondo nikasema tupite juu kwanza. Akasema mlinzi wa pale ameshapigiwa simu, kiwanja kiko wazi. Tukashuka moja kwa moja.

Nikatafuta khanga. Hakuna. Pembeni hakuna mtu, na siku zote kuna mtu. Halafu katikati ya kiwanja nikaona kitu cheupe, kama mtu kainama. Kikasogea.

Nikasema, "Rudi juu."

Kwetu neno hilo halina mkubwa wala mdogo. Rubani yeyote akilisema, mwenzake anainua ndege, maswali baadaye. Swai akainua. Kwa hasira, lakini akainua. Nyuma mkubwa mmoja akajimwagia soda suruali nzima.

Tulipopita juu nikakiona vizuri. Kiroba. Kiroba kitupu cha sembe, kinasukumwa na upepo.

Tukazunguka, tukatua. Kumbe mlinzi aliwafukuza kina mama tangu asubuhi, eti wageni wanakuja. Walikuwa ng'ambo ya barabara na mabeseni yao, mama mdogo akiwemo. Swai kanisema mbele ya wakubwa: nimemtia aibu kwa sababu ya kiroba. Wale wakacheka. Uso ulikuwa unaniwaka mpaka Kasulu.

Jumatano, 11 Juni

Nina jina jipya. Kapteni Kiroba. Kwenye kundi la marubani la WhatsApp kuna mtu katengeneza picha ya kiroba kimevaa kofia yangu. Hamisi kanionyesha huku anabana midomo asicheke. Nikamwambia acheke tu, asije akapasuka.

Tangu jana nimejiuliza jambo moja. Ningejuaje? Kutoka kule juu kiroba na mama aliyeinama ni kitu kimoja. Ningekaa kimya mpaka niwe na hakika, hakika ningeipata chini ya matairi. Basi. Sijiulizi tena.

Jumatatu, 16 Juni

Swai kapiga. Sauti ya asali. Ijumaa kuna kikao cha marubani wote Kigoma mjini. Nisimame, niseme nilikosea kuirudisha ndege juu, na hodi sitapiga tena. Jina langu linabaki. Nisiposema, wako wengi wanaokitamani hicho kiti. "Ni maneno mawili tu, binti."

Mimi si binti yake.

Jumatano, 18 Juni

Nimelala Kibondo, kwa mama mdogo. Ugali wa udaga na maharage. Habari ya kiroba ilimchekesha mpaka akashika mbavu. Ya kikao nilipomweleza, akasukuma kuni jikoni. Nilidhani atanitia moyo. Wapi. "Sema tu, mwanangu. Maneno hayavunji mfupa. Upate kiti chako. Sisi tutaanika kwingine."

Nilikasirika kuliko nilivyokasirikia Swai. Kwingine wapi? Uwani kwake ni kivuli kitupu, mihogo inaota ukungu. Pale kwenye changarawe ndipo jua linapokaa kutwa. Anajua, na bado yuko tayari kuondoka ili mimi nikae. Nikamwambia asirudie kusema hivyo. Akasema nina kichwa kigumu kama marehemu baba yangu. Sawa. Nimerithi.

Ijumaa, 20 Juni

Kigoma. Ukumbi umejaa. Hata wasiojua Kibondo iko wapi wamekuja kumwona Kapteni Kiroba.

Nikasimama. Nikasema: "Nilikiona kitu, sikukitambua, nikasema turudi juu. Nikikiona tena nitasema tena. Hata kikiwa kiroba." Nikakaa.

Hakuna aliyepiga makofi. Swai alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

Jumatatu, 30 Juni

Majina yametoka. Langu halipo. La Hamisi lipo.

Kaja kuniambia, anaangalia viatu vyake. Akasema akitaka atakataa. Nikamwambia akithubutu kukataa nitampeleka mwenyewe kwa mjomba wake akapime vitenge mpaka azeeke. Aende. Akasomee ndege kubwa, asinihurumie.

Alipoondoka nililia. Nimelia sana, na wala sioni haya. Nilikitaka.

Alhamisi, 17 Julai

Ujumbe wa Hamisi kutoka darasani: "Dada, leo tumefundishwa kurudi juu. Mwalimu kasema rubani akilitamka lile neno haulizwi kwa ukali wala haombwi radhi, hata akikuta hakuna kitu. Nikanyoosha mkono, nikawasimulia kiroba. Hakuna aliyecheka."

Nimeusoma mara kadhaa. Haunirudishii kiti. Sijaufuta.

Swai yeye katuma barua: kupita juu ya kiwanja bila kutua ni marufuku. Nimemjibu kwa mstari mmoja. Aniletee uzio wa kiwanja, nami nitaacha.

Jumatatu, 21 Julai

Kibondo. Vumbi, anga safi. Ndege ndogo bado haijapata mnunuzi. Ikimpata nitajua la kufanya siku hiyo.

Msaidizi mpya anaitwa Neema, wa Mwanza, mpole, anauliza maswali mazuri. Kauliza nani ameidhinisha hii hodi. Nikamwambia mimi.

Tukapita juu. Kina mama wakakusanya udaga, wakasogea. Nikatafuta khanga ya mama mdogo. Haikuwepo. Alikuwa amesimama mahali pake pale pale, ameshika fito ndefu, na juu ya fito amefunga kiroba cheupe. Anakipunga.

Neema akauliza kile ni nini. Nikamwambia tumekaribishwa. Tukageuka, tukatua.