Nguzo Nne na Mkandarasi wa Jakarta

Klaten, 4 Septemba 1993

Binti yangu Wartini,

Assalamu alaikum. Mimi baba yako nina miaka sabini na nane. Nimewaona Waholanzi wakifunga mizigo, Wajapani wakaja wakaenda, nimemzika mama yako na wakuu watatu wa kijiji, na mlima ulipotapika majivu hata ng'ombe wakafa, mimi nilikuwa nakula. Kwa hiyo afya usiniulize. Yako je? Huko Singapuri wanakulisha?

Paa linavuja juu ya jiko. Vigae vichache tu, ila mguu wangu siku hizi umegombana na ngazi. Amekuja mkandarasi, Hendarto, kijana aliyekulia Jakarta, kofia ya plastiki kichwani, penseli sikioni. Nikamwonyesha vigae vilivyopasuka, yeye akasema mapau yote yameliwa na mchwa, paa zima lishuke. Kwa bei aliyotaja ungenunua fahali wawili na ndama juu yake. Sikutaka kumwaibisha mgeni aliye katikati ya chai yangu. Nikasema "Inggih, inggih," nikamsogezea mihogo ya kukaanga, akaenda zake anacheka. Nimemalizana naye. Usitume pesa.

Baba yako


Singapuri, 27 Septemba

Baba yangu,

Shikamoo. Nashika magoti yako kutoka huku mbali. Mimi mzima, ni mikono tu inapasuka kwa sabuni.

Barua ya jirani yetu Bi Tumirah imefika pamoja na yako. Anasema paa lote limeshushwa ulipokuwa mpungani. Ni kweli? Baba, kwetu inggih si ndiyo ya makubaliano, ni "nimekusikia mgeni, kunywa chai." Yeye ameifanya ni sahihi ya mkataba, na sidhani kama hakujua.

Kazi yangu inaisha Desemba. Bibi ninayemfanyia kazi za nyumbani anataka niongeze miaka miwili, na nikikubali atanipa mshahara wa mbele. Nilikuwa nimekataa. Nimechoka, nataka kurudi. Niambie ukweli, anadai nini?

Mwanao Wartini


Klaten, 11 Oktoba

Wartini,

Salamu nyingi. Mimi mzima kuliko nyumba.

Mdomo wa Tumirah una miguu. Ndiyo, nimerudi kutoka mpungani nikakuta mbingu iko chumbani. Nikawaambia mafundi warudishe kila kigae. Hendarto akaja mwenyewe.

"Mzee, ulisema inggih."

"Hata jogoo akiwika namwambia inggih," nikamjibu.

Mafundi wakainama kuficha kicheko. Yeye hakucheka. Anataka bei yote, ama atayaacha mapau wazi hivyo hivyo mvua inyeshe. Halafu akaenda kwenye moja ya zile nguzo nne za kati zinazobeba paa, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza kama mtu anayenunua tikiti maji.

"Basi nipe hizi nne, deni limekwisha."

Ndipo nikajua alikuja kwa ajili ya nini. Mtiki wa nguzo hizo babu yako aliukokota kwa nyati kutoka msituni, mimi nikiwa mgongoni kwa mama. Hakuna msumari hata mmoja ndani yake. Siku hizi nalala chini ya turubai, mgongo kwenye nguzo, mundu mapajani. Mawingu yamekuwa meusi upande wa kusini. Anasema Alhamisi analeta lori. Alilete.

Baba yako


Singapuri, 20 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Weka mundu chini, nakuomba. Mtu akiumia hapo, nguzo zitakusaidia nini?

Nimezungumza na bibi. Tarehe mosi Novemba natia sahihi, na pesa zitakuja wiki hiyo hiyo. Miaka miwili itapita. Nguzo zako zitabaki. Hamia kwa Bi Tumirah mpaka nitakapotuma, usilale kwenye mvua.

Mwanao Wartini


Klaten, 26 Oktoba

Wartini,

Usitie sahihi.

Barua hii anakuletea mkononi mpwa wa Tumirah, ili isichelewe. Usitie sahihi.

Alhamisi lori lilipofika, mkuu wa kijiji alituketisha mkekani, mimi na Hendarto. Akaniuliza kama nilisema inggih. Siku ile tulikuwa wawili tu, ningekana nani angejua? Nikasema nilisema. Akaamua nimlipe nusu. Hendarto akadakia kwamba nusu ni nguzo mbili.

"Mwanangu," nikamwambia, "nyumba haisimami kwa nguzo mbili, hata huko Jakarta."

Watu walicheka. Mimi nilikuwa nimeshaamua. Nikapanda basi mpaka kwa Bwana Liem mfanyabiashara wa mbao, kumuuzia nguzo zote nne, tukabishana bei hadi mkewe akaleta chai mara ya tatu. Hakuna mtu wilaya nzima aliyewahi kumtoa Liem bei ile. Nikamlipa Hendarto nusu yake mbele ya mkuu wa kijiji, pesa taslimu. Ungemwona alivyozishika, kama mtu aliyeomba samaki akapewa maji. Zilizobaki zimetosha kununua nyumba ya matofali iliyokuwa tayari, vyumba viwili. Chako kinatazama kisimani. Ni kidogo. Paa lake halivuji, nimelimwagia ndoo mwenyewe.

Vigingi vya mbao vilivyoshika nguzo niliving'oa kwa mkono wangu, maana mafundi hawakujua vilipo. Nguzo ya mwisho ilipolala, ilitoa sauti ambayo sitakuandikia.

Njoo Desemba. Njoo na hiyo mikono yako iliyopasuka.

Tumirah atakuambia nililia. Macho yake yana ukungu tangu mwaka juzi. Muulize Liem, alikuwa amesimama karibu. Muulize mkuu wa kijiji, yeye ndiye aliyeshika ncha ya pili tulipoipakia. Hao watakuambia lilikuwa vumbi.

Baba yako