Lipiko Mezani pa Chai

Cecil, sikia upuuzi wa Newala!

Lile lipiko la Mjomba Silvano, kinyago chake cha kuchezea ngoma watoto wakitoka jandoni, karani Isaka kamuuzia Mzungu mmoja mgeni. Kesho linashuka Mtwara, linapanda meli kwenda Ulaya!

Na leo Mzungu kaliweka mezani, katikati ya vikombe vya chai. Mezani! Mbele ya akina mama!

Mama Dorothy, mke wa mjomba, kuliona tu akapiga yowe. Wenzake wakatupa sinia, mbio wote. Si unajua, mwanamke akiliona lipiko sharti akimbie, ni mzimu huo.

Mzungu furaha tele: "Umeona? Wanaamini kweli!"

Isaka naye: "Kweli, bwana." Ati kweli, bwana! Pumbavu, na tai yake shingoni.

Mimi mtoro wa Makerere nikatoka nje nikacheke vizuri. Namkuta Mama Dorothy nyuma ya jiko. Nikamtania, "Shikamoo mama. Mzimu umekutisha?"

"Marahaba. Mzimu gani, mwanangu? Zile nywele zilizobandikwa kwenye lipiko ni za mjomba wako, nilimnyoa mwenyewe."

Nikazidi kucheka. Yeye hakucheka.

"Mwezi ujao watoto wanatoka jandoni," akasema. "Sasa ngomani nani atatukimbiza?"