Kitambaa Chako Kiliipa Ruta Homa

Izia, Sumbawanga

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Usinijibu "afadhali" kama ulivyozoea. Mdogo wangu Nyanzobe, anayekusomea, aniandikie ukweli. Sisi wazima. Mjukuu wako Kabula ananyonya kama ndama, nami nanenepa kwa uji wa ulezi wa mama mkwe, aliyekuja kutoka Mwazye kunitunza baada ya kujifungua.

Najua umeninunia, simu zangu hupokei. Ndiyo maana naandika, barua huwezi kuikatia. Mara nne tumejaribu simu ya video umwone mwenye jina lako, na mara nne ukaambulia paji la uso tu, picha ikaganda. Nyanzobe kaniambia unadhani nakata makusudi, eti mtoto ana kasoro namficha. Mama, nililia. Hana kasoro yoyote, ana pua yako.

Kosa ni langu hata hivyo, ila cheka taratibu. Unanijua mimi na baridi, na asubuhi za huku sufuria haishikiki. Basi walipotufungia intaneti, nikaiona ile ruta, kiboksi chenye vitaa, imekaa uchi juu ya kabati. Nikachukua kitambaa chekundu ulichonifumia, kile kizito, nikakikunja mara mbili nikaifunika. Ilipendeza kweli.

Fundi alikuja kutoka Mazwi mara tatu. Kila akija anaondoa kitambaa, anabadilisha waya, anazima, anawasha, intaneti inakimbia. Anakunywa chai, anaaga. Akitoka tu, mimi mwanamke nadhifu narudishia kitambaa changu, na jioni tuko palepale. Baba Kabula akalaumu upepo, akalaumu mnara, siku moja akapanda mpaka kwenye bati.

Jumamosi mama mkwe alikusanya vitambaa vya nyumba nzima avifue. Alipofika kwenye ruta akaigusa, akaigusa tena kwa mgongo wa kiganja, vile anavyompima Kabula. Akaniita.

"Mama Kabula, hiki kina homa. Mwenye homa hafunikwi, anafunuliwa."

Nilibisha, si unanijua. Akaniambia hata mahindi ghalani huachiwa hewa. Tukaiacha wazi mpaka kitambaa kikakauka kambani, na intaneti haikukatika hata mara moja. Nikaifunika tena nipate uhakika. Baada ya muda, kimya. Nikaifunua, ikapoa, ikarudi. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na mama mkwe akacheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa chenyewe. Fundi hatujamwambia, tunamwonea aibu.

Jumapili hii Kabula anabatizwa. Misa ikiisha nitapiga. Kaa penye mwanga, vaa kitenge chako cha zambarau, naye akuone bibi yake.

Nisalimie baba mdogo, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Nisalimie shangazi aliyenifunda, mwambie mengine hakunifunda. Na jirani yetu mshonaji, kofia aliyomwahidi mtoto bado tunaingoja.

Ruta sasa iko uchi, ivumilie baridi yake. Kitambaa chako anajifunika mwenye jina lako, na Jumapili utakiona kabla hujamwona yeye. Nitakifunua mwenyewe, polepole, kuanzia puani.

Mama, pokea.

Mwanao,
Milembe