Leso Niliyojifunga Machoni

Kwa Mzee Mbuvi,
Soko la Mbumbuni,
Machakos.
2 Agosti, 1976.

Mpendwa wifi yangu Nzilani,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na mwalimu Kilonzo na watoto wote wawili. Je, hamjambo huko Garissa? Joto halijawamaliza? Yule mdogo aliyekuwa na macho mekundu, amepona? Nilimwombea kanisani Jumapili ile ile barua ilipofika, na akina mama wakasema amina.

Sisi hatujambo ila uchovu. Mvua tuliiona mara ya mwisho mwezi wa tano, lakini mbaazi zimezaa vizuri na tunavuna. Watoto wako shuleni. Ndugu yako Mutiso bado yuko na kazi ya reli Makindu, na huja nyumbani kila mwisho wa mwezi kama kawaida.

Sasa wacha nifike kwa Baba, maana najua macho yako yanamtafuta yeye tu kwa karatasi hii.

Barua uliyomwandikia Mutiso nimeisoma. Hakunificha. Unasema umesikia mimi, mke wa mtoto wake, nimemvua nguo baba yako na kumwosha kama mtoto mchanga, na kwamba shule zikifungwa utakuja kumchukua akae kwako, na damu yake. Wifi, nililia. Halafu nikakasirika. Halafu nikalia tena. Najua habari hiyo ilipandia gari wapi: ni Ndululu jirani, aliyekuja kuomba moto na kurudi na moto mdomoni. Lakini hakusema uongo. Nimemwosha. Kaa chini nikueleze ilivyokuwa, halafu unihukumu.

Unakumbuka Baba alipopooza upande wa kulia mwezi wa pili, kabla hata udongo wa kaburi la Mama haujakauka. Tangu siku hiyo namhudumia mimi. Na unajua nthoni ilivyo kwetu: mke wa mtoto hamkaribii baba mkwe, hamwangalii usoni, haingii anapolala. Miaka kumi na mmoja nimeolewa hapa, sijawahi kumpa Baba mkono. Kwa hivyo nilipanga mambo. Nilitundika shuka mlangoni kwake. Muthokoi wa mahindi nautwanga mpaka unalainika kama uji, naweka kwa kigoda, nakohoa, naondoka. Maji ya moto naweka hapo hapo. Kuoshwa alikuwa anaoshwa na mdogo wake, baba yenu mdogo Muli, kila asubuhi, na wakicheka nilikuwa nawasikia nikiwa jikoni, moyo unatulia.

Mwezi wa sita Muli akaitwa kijiji cha Tulia, msiba kwa wakwe zake. Alisema siku nne. Zikawa wiki nne, kwa sababu naye alishikwa na malaria huko. Kabla ya kwenda aliwapanga wanaume wa hapa wawe wakija kwa zamu. Ai! Wanaume! Wa kwanza alikuja siku mbili. Wa pili alikuja mara moja, akafunika pua, akasema ng'ombe wake wana kiu. Baada ya hapo hakuna aliyekuja. Siku tatu Baba alilala juu ya mkojo wake, mtu aliyekuwa mzee wa kanisa, mtu asiyetoka nje bila kofia. Mimi niko upande huu wa shuka na ndoo ya maji inapoa.

Siku ya nne nikachukua leso yangu, nikajifunga machoni mara mbili, nikaingia nikipapasa ukuta. Nikamwambia, Baba, sioni kitu, mwenyewe niongoze. Nikamwosha mgongo, miguu, kichwa. Katikati ya mwili nilimpa kitambaa ajioshe mwenyewe kwa mkono wake mzima. Nilibadilisha matandiko kwa kupapasa hivyo hivyo. Nikatoka jasho linanitiririka, nikamshukuru Mungu kwa kunipa akili.

Wifi, hapo ndipo nilipokosea. Karibu wiki tatu nilifanya hivyo, Mutiso akiwa bado Makindu, na nilikuwa najisifu moyoni. Nilijiona nimepata njia: mzee ni msafi, na nthoni haijavunjwa. Kulikuwa na harufu. Nikasema ni godoro, nikalianika. Nikasema ni ngozi ya zamani chini ya kitanda, nikaitoa nikaitupa. Nikapaka nyumba yote samadi mpya. Kumbe mkono wake ulikuwa haufiki nyuma, na yeye hakuweza kuniambia, ulimi wenyewe mzito, na hata ungekuwa mwepesi asingesema. Mficha maradhi kilio humuumbua, na sisi tulikuwa wawili tunaoficha.

Siku moja nilikuwa namgeuza, kidole changu kikaingia mahali penye majimaji. Baba akaguna kama mnyama. Nikaivua leso.

Chini ya kiuno alikuwa na kidonda kikubwa kama kifuniko cha mkebe wa mafuta ya Kimbo, katikati cheusi. Nilikiona, na Baba akaniona nikikiona. Alijifunika uso kwa ule mkono wa kushoto. Nilimaliza kumwosha macho yangu yakiwa wazi, mwili wake wote, nikimwomba msamaha kwa kila kitambaa nilichochovya. Ndululu alinikuta nikimwaga maji yale. Hayo mengine aliyaongeza mwenyewe.

Sista wa dispensari alikuja, akakata ile nyama nyeusi, akasema kiwe kinaoshwa kwa maji ya chumvi kila siku na mtu anayeona, na mgonjwa ageuzwe mara kwa mara, na ale vizuri, la sivyo hakitafunga. Kuoshwa, alikubali kwa sababu hana nguvu ya kukataa. Lakini kula alikataa. Aligeukia ukuta. Uji ukapoa, nikapasha, ukapoa. Siku moja, mbili, tatu. Nilijua anachofanya. Alikuwa ameamua afadhali kufa kuliko kuangaliwa na mimi.

Unanijua mdomo wangu. Siku ya tatu nilisimama mlangoni nikamfokea baba mkwe wangu, jambo ambalo sijawahi kusikia mwanamke yeyote amelifanya. Nikamwambia aibu haijamzika mtu lakini kidonda kimezika wengi, na kwamba yeye akifa kwa njaa nyumbani mwangu, nitamwambia nini Nzilani? Hakugeuka. Nikaenda jikoni nikakaa kwenye jivu, nikalia mpaka watoto wakaogopa.

Nilimtumia Muli ujumbe kwa dereva wa gari la mahindi, na alikuja kesho yake, bado anatetemeka kwa ile malaria, Mungu ambariki. Hakunigombeza. Aliingia kwa Baba, mimi nikabaki nje ya shuka. Halafu nikamsikia akimwambia polepole: Ndugu yangu, nthoni iliwekwa na wazee, na wazee hao hao waliacha mlango wake. Baba mkwe hufungua mlango huo kwa mbuzi. Wewe hujawahi kumpa mke wa Mutiso mbuzi. Au hana thamani ya mbuzi?

Nilisimama hapo nimeishika shuka kwa mikono miwili.

Muli akatoka akaenda zizini. Akarudi na yule mbuzi jike mwekundu, ambaye Baba mwenyewe alimlea kwa mkono mama yake alipokufa. Akampitisha mbuzi mbele ya shuka, akabaki naye nje pamoja na mimi, na mwisho wa kamba akauingiza ndani, akauweka kwenye kiganja cha Baba. Akaniambia nishike kamba huku nilipo. Nikashika. Ilikuwa imelegea. Nikangoja. Halafu nikaona imevutwa kidogo, ikakaza, na Baba akasema, kwa ule ulimi mzito, neno moja moja: "Mwiitu wakwa." Binti yangu.

Wifi, nilianguka magoti. Muli akaishusha ile shuka mlangoni, akaikunja. Nikaingia nikimwangalia Baba usoni, na yeye akiniangalia. Sikujua ana kovu juu ya nyusi. Miaka kumi na mmoja!

Siku hiyo alikula mabakuli mawili. Yule mbuzi sijamchinja, na wazee wamesema si lazima. Ana maziwa, namkamua kwa uji wa Baba.

Kidonda sasa kingo zake ni nyekundu, nyama nzuri inaanza, lakini katikati bado kuna shimo. Sista hajaniahidi kitu na mimi sitakuahidi. Anaweza kupona, anaweza kutuacha. Ndiyo maana nakuomba usimchukue. Kutoka hapa mpaka Garissa juu ya lori, na kidonda hicho, atafikaje? Njoo wewe. Shule zikifungwa njoo ukae nasi, ulete shuka za zamani, nguo laini yoyote, maana zangu zimeisha kwa kuchana vitambaa. Nitakuonyesha namna ya kumgeuza bila kumuumiza. Kama ni kutuacha, atuache akiwa kwake, na wewe umemshika mkono.

Kwa kumwosha baba yako sikuombi msamaha. Nakuomba msamaha kwa zile wiki tatu nilizofunga macho nikaita heshima. Deni hilo liko shingoni mwangu, na ukitaka kunigombeza kwa hilo, gombeza, nitanyamaza, hata mimi.

Nisalimie mwalimu Kilonzo, na watoto uwabusu. Mutiso anawasalimu, na Muli pia. Anasema umletee tende. Mama Mutindi wa kanisani, aliyekufundisha shule ya Jumapili, hakusahau kukutaja. Mungu aliyekutunza katika nchi hiyo ya joto akulete salama, na awape afya nyumba yako yote.

Nilipokuwa naandika haya, nimekaa karibu na kitanda cha Baba, nimemuuliza nikuambie nini kutoka kwake. Alifikiri sana, mpaka nikadhani amelala. Kisha akasema: "Mwambie niko safi."

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda hata ukinikasirikia,

Kavata wa Mutiso.